Nina vyeti vinane na kazi ya mtandao siipati. Nifanye mtihani gani?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 26 na ni msomaji wa safu yako. Nina stashahada ya kompyuta, na kwa sasa niko kwenye dawati la msaada la ofisi yenye wafanyakazi zaidi ya mia mbili. Kazi yenyewe unaijua: huyu kasahau nenosiri, yule printa yake imegoma, kompyuta mpya inataka kuwekewa mfumo, mwingine anapiga simu akilia kwamba intaneti imekufa kumbe waya umechomoka nyuma ya kabati. Siidharau, inanilisha. Lakini kila mhandisi wetu wa mtandao anapofungua chumba cha seva na kuanza kuandika amri kwenye swichi, moyo wangu huingia naye. Nataka kufanya anachofanya yeye, na baadaye niingie kwenye usalama wa mtandao.

Tangu nimalize chuo sijaacha kujifunza. Nina vyeti vinane nilivyovipata mtandaoni: cha misingi ya kompyuta ya wingu, cha Python, cha uchambuzi wa data, viwili vya usalama wa mtandao, cha usimamizi wa miradi, na viwili vya kutengeneza tovuti. Vyote nimeviorodhesha kwenye wasifu wangu. Nimeomba kazi nyingi za mtandao lakini nimeitwa kwenye usaili mmoja tu. Jopo halikuuliza habari ya cheti hata kimoja. Mzee mmoja aliniuliza, "Kompyuta ikichomekwa kwenye mtandao inapataje anwani?" Nikasema inapewa na DHCP, ile huduma ya kugawa anwani. Akasema, "Inapewaje? Na isipopewa, wewe utajuaje?" Sikuwa na jibu.

Sasa kaka yangu mkubwa amejitolea kunilipia ada ya mtihani wa kimataifa. Mmoja tu, kwa sababu naye ana watoto wanaosoma. Na hapo ndipo nilipokwama, maana kazini kila mtu ana lake. Mmoja anasema nianze na CompTIA A+ kwani kila mtu huanzia hapo. Mwingine anasema nisipoteze muda, niende moja kwa moja kwenye CISSP, cheti cha usalama, kwa sababu ndiyo yenye mshahara mnono. Wa tatu anasema mambo ya ruta na swichi yamepitwa na wakati, kila kitu kimehamia kwenye wingu, nifanye cheti cha AWS, wingu la Amazon. Halafu kuna mwenzangu mwenye CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Yeye amenitumia faili lenye maswali mamia na majibu yake, anasema ndiyo hasa yanayotoka kwenye mtihani. Nikiyakariri kwa wiki tatu nitafaulu, na ananiambia hakuna asiyefanya hivyo. Sijalifungua, lakini sijalifuta pia.

Naogopa kutupa fedha ya kaka yangu. Nifanye mtihani upi? Na lile faili, nilitumie?

Ni mimi,
Binti wa Dawati la Msaada

*

Marahaba, binti yangu.

Nitaanza na majibu kabisa ili usihangaike kuyatafuta: fanya CCNA ya Cisco, na lile faili lifute leo. Sababu zangu ni ndefu kidogo, hivyo nivumilie.

Turudi kwanza kwenye ule usaili, maana ndani yake mna jibu la karibu kila ulichouliza. Yule mzee hakukusudia kukukomoa. Alitaka kujua kama kazi unayoiomba umewahi kuitazama kwa ndani. Alichotaka kusikia ni hiki. Kompyuta ikichomekwa haina anwani, kwa hiyo haijui hata pa kuuliza. Inatangaza kwa kila kifaa kilichomo kwenye mtandao ule kwamba inatafuta seva ya DHCP. Tangazo hilo linatoka kwenye anwani 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, kwa itifaki ya UDP, seva ikisikiliza kwenye poti ya 67 na kompyuta kwenye poti ya 68. Seva inajibu kwa kupendekeza anwani. Kompyuta inaiomba ile anwani rasmi. Seva inathibitisha na kuiwekea muda wa kuitumia. Hatua ni hizo nne. Na isipopata jibu? Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo kwenye skrini ya mtu, umeshajua kwamba waya unaweza kuwa mzima kabisa ila mazungumzo yale hayakukamilika. Pengine poti ya swichi imewekwa kwenye VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, isiyo yake. Pengine anwani za kugawa zimekwisha. Pengine seva iko kwenye mtandao mwingine na ruta haijaelekezwa kuupeleka ujumbe huko.

Sasa nikuulize: hiyo 169.254 hujawahi kuiona kazini? Naamini umeiona mara nyingi. Ukachomoa waya, ukauchomeka tena, ukaizima kompyuta na kuiwasha, na ilipokataa ukamwita mhandisi. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote nitakayosema. Wewe hukupungukiwa na vyeti. Kila asubuhi unaletewa matatizo ya kweli ya mtandao, ya bure, na watu wanayaondoa mbele yako kabla hujayaelewa. Mtihani utakaokufaa ni ule utakaokufundisha kuyaelewa hayo hayo.

Vile vyeti vinane usivichukie; ulichojifunza ni chako. Ila tofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji wa kozi hupenda vichanganywe. Kuna cheti cha kumaliza kozi: umetazama video, umejibu maswali mwishoni mwa kila somo, daftari likiwa wazi ukitaka. Na kuna cheti cha kitaaluma: kina muhtasari uliochapishwa, mtihani unaosimamiwa, kitambulisho chako kinakaguliwa kabla hujakaa kitini, na mwajiri anaweza kukihakiki. Hata hivyo, kinachokuangusha hasa ni kwamba vyeti vyako haviendi njia moja. Nimekaa upande wa wasaili kwa miaka mingi, na wasifu wa namna hiyo nimeusoma mara nyingi. Nafika mwisho bado sijui mwombaji anataka kazi gani, wakati nina wengine wengi wa kusoma kabla ya jioni. Bakiza viwili vya usalama na kile cha Python, kwa sababu kazi za mtandao siku hizi zinamtaka mtu awe anaweza kuandika programu ndogo. Vingine viondoe. Nafasi itakayobaki wazi nitakuambia uijaze na nini.

Tuwaangalie sasa hao washauri wako watatu.

Anayekuambia A+ hasemi vibaya, ila anamwambia mtu asiye wewe. A+ ni cheti kizuri cha kuingilia kwenye kazi ambayo tayari unaifanya: vifaa, mifumo ya uendeshaji, printa, kuhudumia watumiaji. Tena A+ haipatikani kwa mtihani mmoja, ni miwili, na kila mmoja una ada yake. Ahadi ya kaka yako isingetosha hata kuimaliza.

Anayekuambia CISSP anakupoteza, na nasema hivi bila kumng'unya maneno. ISC2, chombo kinachoitoa, kinadai uzoefu wa miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika angalau maeneo 2 kati ya 8 ya mtihani huo. Shahada au cheti kingine kinachokubalika hupunguza mwaka 1 tu. Ukifaulu mtihani bila uzoefu huo hupewi CISSP. Unapewa hadhi ya mshiriki, na miaka 6 ya kutafuta uzoefu. Mshahara mnono anaousema mwenzako hulipwa watu ambao walikuwa wameshafanya kazi hiyo kwa miaka kabla ya kufanya mtihani. Yeye ameona cheti na mshahara vikiwa pamoja, akadhani kimoja kimezaa kingine. Iweke CISSP mbali huko mbele, itakusubiri.

Wa AWS ana hoja, na nisingependa uipuuze. Kazi nyingi zimehamia kweli kwenye wingu. Lakini mtu anayesema wingu limeua mitandao hajawahi kujenga chochote huko. Siku ya kwanza utakayounda mtandao wako ndani ya AWS utaulizwa: anwani zako zinaanzia wapi, utazigawa katika subneti ngapi, majedwali ya njia yaelekee wapi, nani aruhusiwe kuingia. Ni maswali yale yale. Chukua subneti, yaani kipande cha mtandao, ya /26. Ina anwani 64. Kwenye mtandao wa kawaida unatumia 62, kwa kuwa moja ni ya mtandao wenyewe na moja ya matangazo. AWS yenyewe hujiwekea 5 katika kila subneti, hivyo unabaki na 59. Anayejua mitandao hulielewa hilo kwa sentensi moja. Asiyejua hukariri, na wiki ijayo amesahau. Kwa hiyo AWS ije baadaye, ikute msingi.

Kuna jambo jingine linalowaumiza wengi nao hawaambiwi mapema: vyeti hivi vina umri. CCNA hudumu miaka 3. Vya CompTIA kama Security+, kile cha usalama, ni miaka 3, na vya AWS ni miaka 3. Vya Microsoft vya ngazi ya kati kama kile cha msimamizi wa Azure, wingu lao, hudumu mwaka 1, ingawa kuhuisha ni bure kwa jaribio la mtandaoni. Ndiyo maana sipendi vijana wanaokusanya vyeti kwa ajili ya kazi watakayoiomba siku moja. Saa inaanza kuhesabu siku unayofaulu, uwe unakitumia au hukitumii. Fanya mtihani wa kazi unayoitaka ndani ya mwaka huu, si wa kazi ya ndoto.

Na kazi unayoitaka mwaka huu umeitaja mwenyewe kwenye barua: ya yule anayeingia chumba cha seva. Mtihani wake ni CCNA, namba yake 200-301, dakika 120. Muhtasari wake unapatikana bure kwenye tovuti ya Cisco. Usome huo kabla ya kitabu chochote. Utaona asilimia 25 ni njia kati ya mitandao, asilimia 20 misingi, asilimia 20 swichi na VLAN, asilimia 15 usalama, asilimia 10 huduma za mtandao, ambamo DHCP imo, na asilimia 10 uendeshaji wa kiotomatiki, ambamo ile Python yako itakusaidia. Angalia pia mwaka wa kitabu. Mtihani huu ulibadilishwa kabisa Februari 2020, matawi mengi ya CCNA yakaunganishwa kuwa moja, na Agosti 2024 muhtasari ukaboreshwa kuwa toleo la 1.1. Ukipewa kitabu kinachozungumzia ICND1 na ICND2, mitihani ya CCNA ya zamani, mrudishie mwenyewe kwa shukrani.

Kwa mtu aliyeajiriwa kama wewe, anayepata saa moja na nusu jioni na muda mrefu zaidi mwisho wa juma, naona miezi minne hadi sita. Hizo wiki tatu za mwenzako zisikutie haraka.

Sehemu itakayokutesa ni kugawa mitandao, na hapo usitafute njia ya mkato. Kila siku, kabla hujafungua kitabu, jipe mafumbo machache kwenye karatasi. Anwani 192.168.10.77/26 imo kwenye mtandao upi? Mitandao ya /26 inaruka kwa 64: inaanzia 0, 64, 128 na 192. Basi 77 imo kwenye ule wa 64, matangazo yake ni 127, na anwani za kutumia ni 65 hadi 126. Mwanzoni utachukua dakika tano kwa fumbo moja, na utajiona mzito. Endelea. Siku moja utagundua unalijibu kabla kalamu haijagusa karatasi, na kuanzia hapo kila sura ya kitabu inakuwa nyepesi, kwa kuwa njia, VLAN na orodha za ruhusa zote zimejengwa juu ya hesabu hiyo.

Mazoezi ya vitendo hayahitaji ununue kifaa. Cisco wana programu iitwayo Packet Tracer, inayopatikana bure ukijisajili kwenye Networking Academy yao, na inatosha kwa karibu kila kilichomo kwenye CCNA. Ila itumie kwa njia moja: jenga, vunja, rekebisha. Wengi hufuata maelekezo ya video hadi taa za kijani ziwake, kisha wanafunga. Wewe taa zikiwaka, harakisha kuharibu. Hamisha poti moja kwenye VLAN nyingine. Futa njia moja. Kosea kinyago cha subneti upande mmoja. Acha usiku upite, kesho yake tafuta kosa kwa amri tu, bila kukumbuka ulichofanya. Utaanza kuzoea *show vlan brief*, *show ip interface brief*, *show ip route*, *show mac address-table*, na utajua ipi ya kuanza nayo kwa dalili ipi. Mtihani wenyewe unaweza kukuwekea maswali ya vitendo ya namna hii hii, unaandika amri na kifaa kinaitika.

Halafu, ofisini. Nunua daftari. Kila tatizo la mtandao linalofika kwako liandike: dalili, ulichokagua, chanzo halisi, kilicholitibu. Na pale mhandisi anapolimaliza yeye, mfuate kwa adabu umuulize, "Kaka, ilikuwa nini?" Watu wa fani hii hupenda kueleza kuliko wanavyoonekana. Mwombe siku moja akuruhusu usimame nyuma yake akiwa kwenye swichi. Usiguse chochote bila ruhusa yake na ya mkuu wenu. Mtandao wa ofisi si mahali pa kujaribia, hata kama una uhakika. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na mambo ambayo hakuna kozi iliyokupa, na hapo ndipo ujaze ile nafasi tuliyoiacha wazi kwenye wasifu. Usiandike "nina ujuzi wa mitandao". Andika kwamba umeshughulikia matatizo ya anwani, VLAN na nyaya kwa ofisi ya watumiaji zaidi ya mia mbili, na utaje mawili uliyoyagundua chanzo chake mwenyewe. Yule mzee angekuuliza juu ya hayo mawili, nawe ungezungumza mpaka akuzuie.

Sasa hilo faili.

Mwenzako hakukutakia mabaya, naamini, na sikuombi ugombane naye. Lakini alichokupa ni maswali yaliyoibwa. Kabla swali la kwanza halijatokea kwenye skrini, kila mtahiniwa hukubali masharti ya usiri kwamba hatayatoa nje wala kuyatumia yaliyotolewa. Anayekiuka anaweza kufutiwa matokeo, kunyang'anywa cheti na kuzuiwa kufanya mitihani yao tena. Na cheti kinaweza kufutwa baada ya wewe kukipata, siku ambayo umeshakitumia kuombea kazi. Majibu ya mafaili hayo pia mara nyingi ni mabovu: mtu aliyefeli ameyaandika kwa kumbukumbu, mwingine akayajibu kwa kubahatisha, na kwa kuwa hujui, huwezi kujua ni yapi.

Hata ingekuwa hakuna adhabu na majibu yote ni sahihi, bado ningekukataza, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu yatakurudisha kwenye kiti kile kile mbele ya mzee yule. Fani yetu imeshapita njia hii. Miaka ya 1990, mitihani ya MCSE ya Microsoft ilipopata umaarufu, watu walikariri, wakafaulu, wakaajiriwa, na seva zilipoanguka wakabaki wanazitazama. Waajiri wakawabatiza MCSE wa karatasi. Walioumia zaidi ni wale waliosoma kwa haki, maana cheti chao kilianza kutiliwa shaka pamoja na cha wengine. Ndiyo maana leo jopo halikuulizi cheti, linakuuliza anwani inapatikanaje.

Maswali ya mazoezi halali yapo na yatumie sana. Utayatambua kirahisi. Yametungwa na mwandishi anayejitaja, hayadai kwamba ndiyo ya mtihani, na chini ya kila jibu anaeleza kwa nini hili ni sahihi na kwa nini yale matatu si sahihi. Ukikosa swali, usikariri herufi ya jibu. Rudi kwenye Packet Tracer ukalijenge.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi. Mitihani ya Cisco hufanyika kupitia Pearson VUE, kwenye kituo au nyumbani kwa kamera. Hakikisha mapema kwamba jina ulilojisajili nalo linalingana na la kwenye kitambulisho. Watu hurudishwa mlangoni kwa sababu ya jina moja lililokosekana. Mimi nakushauri uende kituoni kama unaweza kukifikia. Ukifanyia nyumbani, meza iwe tupu, chumba kiwe cha kwako peke yako, na mtoto akiingia tu mtihani unaweza kusitishwa. Hata kusoma swali kwa sauti hairuhusiwi. Na ujue kwamba kwenye mtihani wa Cisco ukishalipita swali hulirudii, tofauti na CompTIA ambako unaweza kuweka alama na kurudi. Kwa hiyo usilale kwenye swali moja, wala usibonyeze haraka. Alama ya kufaulu Cisco hawaitangazi, usiitafute.

Ukishaipata CCNA, omba kazi kwanza. Kaa kwenye kazi hiyo, zoea usiku wa kuamshwa swichi ikilala, kisha ufanye Security+, mtihani wa maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, ukihitaji alama 750 kati ya 900. Hiyo ndiyo njia yako ya kuingilia kwenye usalama. Anayelinda mtandao anaoujua anaona kisicho cha kawaida mapema, kwa sababu cha kawaida ameshakizoea.

Limebaki la kaka yako, na hili nalichukulia kwa uzito kama wewe. Mwambie asilipe sasa. Mwombe aiweke ada hiyo mpaka umwonyeshe mambo matatu: unagawa mtandao wowote kwa kichwa ndani ya dakika moja, unaweza kuanza na programu tupu ukajenga swichi mbili na ruta mbili zenye VLAN, OSPF (itifaki ya ruta kuelezana njia), DHCP na orodha za ruhusa bila kufungua kitabu, na umepata zaidi ya asilimia 85 kwenye majaribio mawili ambayo hukuwahi kuyaona. Siku hiyo chagueni tarehe pamoja, isiyozidi wiki mbili mbele, ndipo alipe. Na mweleze mapema, kabla hajatoa chochote, kwamba hata aliyejiandaa vizuri huweza kukosa mara ya kwanza. Cisco hutaka usubiri siku 5, ripoti itakuonyesha asilimia zako kwa kila sehemu, na kurudia ni ada nyingine kamili. Hiyo ya pili anza kuiweka wewe mwenyewe, kidogo kidogo, kuanzia mshahara wa mwezi huu.